Nilivyokwenda Mafinga Kurudi Kundini

Nilikwenda Mafinga kwa sababu mwanangu alikuwa hajabatizwa, na alikuwa hajabatizwa kwa sababu mimi sina mume. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, asije mtu akasoma mpaka katikati ndipo ashtuke. Kwetu, Walutheri wa usharika nilikozaliwa, msichana akizalia nyumbani anatengwa. Hafukuzwi kanisani. Anakaa benchi la nyuma, haendi kwenye Chakula cha Bwana, na mtoto wake hamwagiwi maji mpaka mama arudi kundini. Kurudi kundini ni kusimama mbele ya usharika mzima siku ya Jumapili, ukaulizwa kama unakiri, ukasema nakiri. Niliikwepa safari hiyo kadiri nilivyoweza. Kanisa la hapa Mbeya walinipokea vizuri, wakanipa chai, kisha wakaniambia niende nikayamalize kule nilikoyaanzia.

Baba wa mtoto anaitwa Festo. Anapasua mbao Mafinga na anaimba besi kwenye kwaya ya usharika wetu. Mama yangu ni mzee wa kanisa hapohapo. Tumbo langu lilipoanza kuonekana, ni yeye mwenyewe aliyepeleka jina langu kwenye baraza la wazee, kabla jirani hajamtangulia. Alitaja na la Festo. Festo akaitwa, akakana, wakasali, wakamwacha aende mazoezi ya kwaya. Mimi nisingeweza kukana, tumbo ningeliweka wapi? Nikahamia Mbeya nikiwa na hasira, na hasira hiyo sijaimaliza hata leo ninapoandika.

Sokoni Mwanjelwa, asubuhi ya kuondoka, nilipita kumuaga Mama Zuhura, mwenye meza ninayouzia nguo za watoto za mtumba. Ni Mwislamu, wazazi wake walitoka Tanga, na mdomo wake hauna breki. Alimchukua mwanangu mgongoni mwangu akamfunga mwenyewe upya, akisema nimemfunga kama gunia la viazi. Mtoto ana jina la mama yangu, Salome, kwa hiyo tunamwita Bibi. Mama Zuhura aliniuliza tena, kama alivyokuwa ameshaniuliza mara nyingi, kosa la mtoto ni nini hasa. Nikamwambia kwetu tunafundishwa kwamba binadamu anazaliwa na dhambi, hata huyu.

"Huyu? Na vidole hivi?" akasema. "Kwetu mtoto anazaliwa safi, sisi wazazi ndio tunamchafua. Haya nenda, Lea, lakini usiende ukagombana na watu kanisani. Nakujua wewe."

Nikamwambia siendi kugombana. Alinitazama tu, akampa Bibi kofia nyekundu ya sufu kutoka kwenye mzigo wake.

Alikuwa anajua. Nilikuwa nimepanga. Nilikuwa nimesikia kwamba Festo anaoa, na kwamba ndoa yake ilikuwa imeshatangazwa kanisani Jumapili mbili. Jumapili nitakayosimama mimi ndiyo itakuwa ya tatu. Njia nzima nilikuwa nayo sentensi moja mdomoni, naigeuza kama pipi.

Kutoka Uyole barabara inashuka, na kila unavyoshuka unavua nguo. Igurusi na Chimala kulikuwa na jua kali, mashamba ya mpunga yamevunwa, makapi yamepigwa marundo kando ya barabara. Dada mmoja kiti cha jirani alikuwa anakwenda Iringa mjini kumuuguza baba yake. Alisinzia, akaamka, akasali kwa sauti ya chini, akasinzia tena. Nilimwonea wivu. Mimi tangu nitengwe nilikuwa nikifumba macho naona sura za wazee wa baraza wamekaa mstari.

Baada ya Igawa gari lilianza kupanda, na Makambako tukakuta upepo ule wake unaopiga kama una kesi na mtu. Abiria walishuka kula. Mimi nilinunua viazi vya kuchemsha dirishani, nikavisagia kiganjani nikamlisha Bibi. Mwanamke aliyeniuzia alimsifia mtoto, akaniuliza baba yake yuko wapi. Nikamjibu yupo kwaya. Akacheka akidhani ni utani.

Mafinga tulifika mchana umeshachoka. Ile harufu ya mbao mbichi ilinipokea kabla sijashuka, harufu ya msonobari uliopasuliwa leo. Malori yalikuwa yamejipanga na magogo, na kutoka kwenye viwanda vya mbao misumeno ilikuwa inalia. Nilijikuta nasikiliza kila msumeno nikijiuliza ni upi wa Festo. Nikachukua pikipiki mpaka nyumbani, upande wa msituni, ukungu ukishuka kwenye miti na mvua nyepesi isiyoeleweka kama inanyesha au haijaamua.

Mama alikuwa jikoni. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akamgeukia Bibi akamsalimia kwa lugha ya nyumbani "kamwene" kama anamsalimia mtu mzima, kisha akamchukua. Hakuwa amewahi kumwona. Alimwangalia muda mrefu, akamvua ile kofia akamvisha tena.  Tulikula ugali na mboga za maboga, moshi ukitutoa machozi ambayo hakuna aliyelazimika kuyaeleza. Ndipo akasema, "Kesho unakwenda kuonana na mchungaji. Jumapili utasimama, useme neno moja tu, kisha mtoto abatizwe, tumalize. Umenisikia, mwanangu?"

"Festo naye atasimama?"

"Nimekwambia neno moja tu."

Jumamosi asubuhi nilikwenda ofisini kwa mchungaji. Ni kijana, hajanizidi sana umri, alikuwa na kikohozi na ameweka jiko la mkaa chini ya meza. Nilitegemea anikaripie. Hakunikaripia. Aliniuliza habari za Mbeya, akanieleza kwa upole kwa nini mtoto anapaswa kubatizwa. Alisema binadamu anakuja duniani akiwa ameshapinda, hakuna anayeanza sawa, na hakuna anayeweza kujinyoosha mwenyewe. Ndiyo maana tunabatiza kichanga. "Kichanga hakijui kusali, hakijui kutubu, hakijui hata kushukuru," alisema. "Hakina kinachochangia. Mungu anafanya peke yake. Hiyo ndiyo neema, dada Lea."

Nilikuwa nimefundishwa hayo kwenye kipaimara, lakini siku ile niliyasikia vizuri kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza, "Kama hachangii kitu, sasa mimi mnanidai nini? Neema ya mtoto imekaa mlangoni inanisubiri mimi nisimame?"

Alikohoa. Alichochea mkaa kwa kijiti. Mwisho akasema, "Utaratibu huu nimeukuta."

Sikusikia tena alichosema baada ya hapo. Nilitoka nikiwa na hasira kuliko nilivyoingia, kwa sababu mtu akikukosea kwa ubaya unajua pa kumshika, lakini huyu alinikosea kwa upole, tena akijua.

Jumapili, kanisa lilijaa, baridi imewabana watu mpaka pumzi zinaonekana. Mimi na Bibi benchi la nyuma, karibu na mlango, pamoja na wenzangu wa kusimama. Wote wanawake. Wasichana, na mama mmoja wa makamo aliyeishi na mume wa mtu. Kwaya iliimba. Festo alikuwa safu ya nyuma, amenenepa kidogo, suti ya kijivu, sauti yake nikaitambua kati ya zote. Usharika mzima tukaungama, kama kila Jumapili, kwamba sisi sote tumepotea na hatuna uwezo wa kujiokoa. Sote tulisema, Festo akiwemo. Mchungaji akatangaza msamaha kwa wote. Nikawaza, basi si yameisha? Kama ni sote, kwa nini baada ya hapo wanaitwa wachache?

Yakaja matangazo. Ndoa ya Festo ikatangazwa mara ya tatu, na binti wa mtaa wa jirani, jina lake Yusta. Mwenye pingamizi aende ofisini. Watu waligeuka kumtafuta Yusta wamtabasamie. Alikuwa amekaa na mama zake, amejifunika kitenge, anaangalia chini kwa aibu ile ya furaha. Nilimpita kwa macho. Siye niliyemfuata.

Tukaitwa. Tulitembea mpaka mbele, tukapanga mstari, migongo kwa watu, kisha tukaambiwa tugeuke. Hapo ndipo unaona sura. Mama alikuwa kwenye viti vya wazee, mikono magotini. Mchungaji akauliza kama tunakiri kwamba tumetenda dhambi mbele za Mungu na mbele ya usharika huu. Wenzangu wakasema tunakiri, kwa sauti ya watu wanaotaka kwenda kukaa.

Mimi nikasema, "Nakiri. Lakini sikutenda peke yangu, na mwenzangu amesimama pale na besi, suti ya kijivu. Mtoto huyu ni wake."

Ndiyo ile sentensi. Nilikuwa nimeibeba kutoka Mbeya, na ilipotoka ilikuwa tamu kama nilivyotegemea. Ilikuwa tamu kwa muda wa kuisema tu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Festo aliangalia karatasi ya nyimbo. Mama hakuinua uso. Mchungaji akasema taratibu, "Dada, hapa kila mtu anakiri ya kwake."

Na kilichoniuma ni kwamba hapo alisema kweli. Nilikuwa nimekuja na dhambi ya Festo nimeifunga vizuri kwenye furushi, ya kwangu nimeiacha Mwanjelwa. Lakini naandika pia hili, na silifuti: ya Festo ilikuwa haijawahi kukiriwa na mtu yeyote mahali popote, na kwaya ilikuwa inaimba naye.

Wenzangu walipokelewa, wakapewa mikono. Mimi nikaambiwa nisubiri wazee.

Baada ya ibada, nje, mnada wa sadaka uliendelea kama kawaida. Walinadi kuku, mahindi, mkungu wa ndizi. Nilisimama chini ya upenu wa kanisa, Bibi mgongoni, nikisikia watu wakipandishiana kuku mmoja mwekundu huku ofisini wazee wakinijadili. Mama alikuwa humo ndani nao. Festo alipita na wenzake wa kwaya, akapunguza mwendo.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza.

"Bado," nikamwambia.

Akaenda. Sikuumia sana. Uso wake nilikuwa nimejiandaa nao. Nisiyejiandaa naye ni Yusta. Alikuja peke yake, mama zake wakimwita nyuma. Hakunitukana. Alizunguka mgongoni kwangu, akafunua kitenge kidogo, akamtazama Bibi usoni. Bibi alikuwa macho, akamcheka, maana anacheka na kila mtu. Yusta alimwangalia kama mtu anayesoma jambo alilokuwa ameshaambiwa. Kisha akakirudisha kitenge, akakibana vizuri pembeni upepo usiingie, akaondoka akitembea kwenye tope na viatu vyake vya ibada. Dada yule hajanikosea kitu. Nilimvua nguo mbele ya watu ili nimpate mwingine, na yule mwingine amebaki amevaa.

Wazee walitoka. Alitumwa mmoja, si mama, kuniambia kwamba moyo wangu bado haujavunjika, nirudi msimu mwingine. Na ubatizo wa mtoto usubiri. Kuhusu Festo, watamwita wamuulize tena. Nikamwambia aliulizwa mara ya kwanza akiwa na mdomo huohuo. Akaniambia, "Binti, punguza ukali." Nikamwambia shikamoo, nikaondoka.

Njiani kwenda nyumbani ndipo nilipomgeukia mama. Nilimwambia yote. Nilimwambia wewe ndiye uliyelibeba jina langu kwa mdomo wako ukawapelekea, na leo umekaa nao tena umekubali. Alitembea mbele yangu kwenye njia ya misonobari. Nikaona niendelee mpaka nimuumize. Nikamwambia yule mchungaji amesema kichanga hakichangii kitu, Mungu anafanya peke yake, lakini ninyi wazee mmemzuia Mungu getini mnamuuliza kitambulisho. Hapo alisimama. Nilidhani atanipiga. Aliuliza tu, "Alisema hivyo? Hachangii kitu?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kutembea.

Jumatatu, kabla hakujapambazuka vizuri, nilikuwa nafunga mzigo. Niliingia jikoni nikamkuta mama amebandika maji kwenye sufuria ya chai. Aliyapoza, akayapima kwa kiwiko kama anavyopimiwa mtoto maji ya kuoga, akayamimina kwenye bakuli. Nikamwambia asimwogeshe, baridi, tunasafiri.

"Simwogeshi," akasema. "Mvue kofia."

Wasio Walutheri niwaeleze. Mkristo yeyote anaruhusiwa kubatiza, hata mpishi, hata mkunga, pakiwa na hatari ya kifo na mchungaji hayupo. Mama kama mzee wa kanisa alifundishwa hilo na yeye mwenyewe huwafundisha wengine. Lakini lazima pawe na hatari.

"Mama, mtoto haumwi."

"Najua."

"Watakutenga."

"Mshike kichwa."

Nilimshika. Mkono wa mama una magamba kwa kazi. Alichota maji akasema, "Salome, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu," akimwaga mara tatu. Ni jina lake mwenyewe, na alilitamka kama mtu anayeita mtu aliyeko mbali. Bibi hakulia, maji yalikuwa na joto. Mama akamfuta kwa upindo wa kanga, akamvisha kofia. Kisha akakaa kwenye kigoda, akalia kwa namna ambayo sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika baba. Akasema, "Lile jina lako nililipeleka kwa sababu niliogopa watasema nakuficha. Nilijiokoa mimi."  Ningependa kuandika kwamba nilimwambia nimekusamehe. Nilimwambia chai itapoa.

Alinisindikiza mpaka barabarani, Bibi akiwa mgongoni kwake. Ukungu ulikuwa mzito, malori ya mbao yalikuwa yanapita na taa zikiwaka. Kabla gari halijaja aliniambia niseme Mbeya kwamba mtoto amebatizwa, na wakiuliza na nani, nisidanganye.

Safari ya kurudi sina mengi. Makambako upepo uleule. Igawa jua lilelile. Nilimshika Bibi kifuani njia nzima, nikimnusa utosini, kana kwamba maji yale yangekuwa na harufu. Hayana. Mwanjelwa nilifika soko likifungwa. Mama Zuhura alimchukua mtoto, akauliza kama nimegombana na watu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mtoto amepata alichofuata. Nikasema ndiyo. "Basi umekwenda," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Mama alikwenda mwenyewe kuwaambia wazee. Hakusubiri jirani amtangulie. Walimuuliza hatari ilikuwa wapi. Akawajibu wamwonyeshe mtu mmoja tu mle ndani ambaye hayuko hatarini. Walimvua uzee wa kanisa, wakamtenga. Yusta amevunja uchumba, hajulikani aliko, wengine wanasema Iringa mjini. Festo ameulizwa tena, akakana tena. Bado anaimba besi.

Nilimpigia simu mama nikamsihi. Nilimwambia asimame aseme lile neno moja, arudi kundini. Umri umekwenda, na akifa akiwa nje hawatamzika kwa ibada. Mimi, niliyekataa kulisema vizuri neno hilo, ndiye niliyekuwa namsihi. Akasema ameshawaza. Akasema akikiri kwamba alikosea, atakuwa amesema maji yale hayakuwa kitu. "Nitamwambia nani, mwanangu? Nimwambie Bibi?"

Watu wananiuliza safari ilinifunza nini. Nilikwenda nikijua ni nani aliyepinda, na nilikuwa na jina lake mdomoni. Nimerudi naona tumepinda sote, mimi na Festo na wazee na mama yangu, kila mmoja kwa upande wake, na hakuna kati yetu aliyeweza kumnyoosha mwenzake hata kidogo. Hasira sijaacha. Ninasali nayo hivyohivyo, sina kingine cha kusali nacho. Ninamwambia Mungu kama anafanya peke yake, basi na afanye, maana sisi imeonekana hatuwezi.

Jumapili iliyopita nilimpigia mama akitoka kanisani. Alikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, pale nilipokaa mimi. Nikamuuliza wakiitwa kwenye Chakula cha Bwana anafanya nini. Akasema wanakwenda mbele wote, yeye anabaki na watoto wadogo ambao hawajapata kipaimara. Kuna baridi sana hapo, akasema, upepo unaingia chini ya mlango, wanamsogelea ili wajifunike kitenge chake.

"Sasa mnakaa mnafanya nini?" nikamuuliza.

"Hatufanyi kitu," akasema. "Tunakaa tu. Hatuna tunachochangia."